Kabaidi ibaki gereji, ndizi zipewe gesi yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nizungumzie kabaidi, yale mawe ya kijivu ambayo sisi mafundi tunayatumia kupata gesi ya kukatia na kuungia vyuma, na ambayo siku hizi yanaishia chini ya mikungu ya ndizi na ndani ya matenga ya embe.

Msomaji mwenzetu aliandika humu kwamba tunda lolote lililoivishwa kwa gesi ni sumu, na akatushauri tununue lile tu lililoiva mtini. Uchungu wake nauelewa, maana na mimi nina wajukuu wanaokula embe na maganda yake. Lakini amechanganya gesi mbili. Moja ni ethilini, ambayo ndizi yenyewe huitoa ikianza kuiva. Nyingine ni asetilini, ambayo ndiyo riziki yangu hapa Morogoro tangu nilipotoka karakana ya reli nikafungua gereji. Tukizichanganya hizi mbili, anayetia kabaidi atajificha nyuma ya bibi anayevumbika ndizi zake kwa majani makavu, na mwenye nia ya kuivisha kwa njia salama ataogopa hata kujaribu.

Nianze na ninachokijua kwa mikono yangu. Kabaidi ikiwa kavu haina fujo. Ipo kwenye kopo la bati lililofungwa, mawe yenye ukubwa wa kokoto, yana vumbi linalowasha pua. Iguse maji uone. Inafoka palepale, inatoa povu, chombo kinapata moto hadi huwezi kukishika, na harufu inatoka kali kama ya kitunguu saumu kilichooza. Gesi ikiisha, chini unabaki uji mweupe. Huo uji ni chokaa. Mafundi wengi tumepaka kuta za gereji zetu kwa chokaa hiyo, na aliyewahi kuishika kwa mikono yenye michubuko anajua inavyochoma.

Sasa hiyo harufu ndiyo ninayotaka msomaji aitie maanani. Asetilini safi karibu haina harufu. Kinachonuka ni uchafu uliomo ndani ya jiwe. Kabaidi inatengenezwa kwa kuchoma chokaa pamoja na makaa ya mawe yaliyosafishwa, kwenye tanuru la umeme lenye joto la nyuzi 2,000 hivi, na malighafi hizo huja na fosforasi na aseniki kidogo. Jiwe likikutana na maji, fosforasi inatoka ikiwa gesi ya fosfini na aseniki nayo inatoka ikiwa gesi, na zote mbili ni sumu. Kabaidi tunayouziwa imetengenezwa kwa ajili ya chuma. Hakuna kiwanda kilichoisafisha kwa kufikiria kwamba siku moja itawekwa kwenye karatasi ya gazeti katikati ya tenga la embe dodo. Kwetu gereji, gesi hiyo inaungua kwenye moto unaopita nyuzi 3,000, nasi tunafanya kazi mahali pa wazi. Sokoni haiungui. Inakaa humohumo na tunda, chini ya turubai, usiku kucha.

Binti yangu anafundisha kemia sekondari, na ndiye aliyenikalisha chini siku moja na daftari akanieleza kwa nini jiwe langu linaivisha ndizi. Nilikuwa najua kwamba linaivisha, sababu sikuijua. Nitaieleza kama nilivyoelewa, kwa kuwa naamini mtu akishaijua sababu hahitaji kutishwa.

Kila chembe ya kaboni ina mikono minne ya kushikia chembe nyingine. Katika haidrokaboni zilizoshiba, yaani vitu vya kaboni na haidrojeni tupu, kila mkono umeshika kitu chake na hakuna nafasi iliyobaki. Gesi ya kupikia majumbani ni ya kundi hilo, na ndiyo maana haishughuliki na ndizi hata kidogo. Ethilini ni ya kundi lisiloshiba. Ina kaboni mbili na haidrojeni nne, na zile kaboni zimeshikana kwa mikono miwili miwili. Hicho ndicho kifungo maradufu, alama ya ukoo wote wa alkeni. Asetilini ina kaboni mbili pia, lakini haidrojeni ni mbili tu, kwa hiyo kaboni zimeshikana kwa mikono mitatu mitatu. Huo ni ukoo wa alkini.

Mkono wa ziada kati ya kaboni na kaboni haukai kwa utulivu. Unaweza kuachia na kushika kitu kingine. Ethilini nyingi zikiachiana kifungo kile na kushikana zenyewe kwa zenyewe, mlolongo mrefu, tunapata plastiki ya ndoo na madumu. Na ndani ya ndizi kuna kipokezi kidogo sana, chenye chembe ya shaba, kinachoitambua ethilini kwa kifungo chake hicho. Ikitua pale, ndizi inapata habari kwamba wakati umefika. Wanga unaanza kugeuka sukari, ukijani unafifia, nyama inalainika, harufu inatoka. Na ndizi iliyoanza kuiva inatoa ethilini zaidi, ambayo inaziamsha zilizo jirani. Ndiyo maana mkungu mmoja ulioanza unauvuta wote.

Asetilini nayo inatua pale kwenye shaba, kwa sababu ina kifungo cha kufanana. Lakini haitoshei vizuri. Ethilini inatosha hata ikiwa sehemu moja katika sehemu milioni za hewa kuiamsha ndizi. Asetilini inahitajika nyingi zaidi mara kadhaa wa kadhaa kufanya kazi hiyohiyo. Hapo ndipo mfanyabiashara anapolazimika kuongeza mawe, na kila jiwe analoongeza linaongeza ule uchafu niliousema.

Mambo haya hayakugunduliwa jana. Mwaka 1901 mwanafunzi mmoja huko St. Petersburg, Dimitry Neljubow, aliona miche ya njegere ndani ya maabara ikikua kwa kupinda na kudumaa, akafuatilia hadi akakuta chanzo ni ethilini iliyokuwa ikivuja kwenye gesi ya taa. Mwaka 1910 mtaalamu mmoja wa kilimo Jamaica alionya kwamba machungwa yasipakiwe meli moja na ndizi, kwa kuwa kuna kitu kinachotoka kinachoziivisha ndizi kabla ya safari kwisha. Kule California wakulima wa malimau walikuwa wakiyatoa ukijani kwa kuyaweka chumba kimoja na majiko ya mafuta ya taa, wakidhani ni joto. Walipobadilisha na kuleta majiko mazuri zaidi yasiyotoa moshi, malimau yalibaki kijani. Mwaka 1924 mtafiti F. E. Denny akaonyesha kwamba kazi ilikuwa ya ethilini iliyomo kwenye moshi. Na mwaka 1934 mtafiti Richard Gane, Uingereza, akathibitisha kwamba tunda lenyewe, tufaha, linaitengeneza.

Nilipofika hapo kwenye maelezo ya binti yangu nilimkumbuka marehemu mama yangu kule Matombo, kwenye miteremko ya Uluguru. Alikuwa akichimba shimo, anatandika majani makavu ya mgomba, anapanga chane za ndizi, anafunika kwa majani na udongo, halafu pembeni anaacha tundu la kuingizia moshi wa moto usiowaka vizuri. Moto usiowaka vizuri unatoa ethilini. Ndizi zenyewe zinatoa ethilini. Udongo unaizuia isitoroke, na joto la shimo halipandi wala kushuka ovyo. Bukoba wanavumbika hivyo ndizi za kutengenezea rubisi, pombe ya ndizi, na sehemu nyingine za nchi kuna wanaozipanga darini juu ya jiko. Hao wote walikuwa wakiivisha kwa gesi, Ndugu Mhariri, na gesi yenyewe ndiyo hii ya kifungo maradufu. Ukisema kila kilichoivishwa kwa gesi ni sumu, umemtia hatiani mama yangu.

Kuhusu kusubiri tunda liive mtini, ushauri huo hauwezekani kwa ndizi. Mkungu ukiachwa uive mgombani, ndizi zinapasuka, ndege na popo wanazimaliza, na zikipakiwa kwenye Fuso kutoka Kinole hadi mjini zinafika uji. Ndizi, embe, papai, parachichi na nyanya ni matunda yanayoendelea kuiva baada ya kuvunwa, mradi yawe yamekomaa. Chungwa, nanasi na tikiti si hivyo. Ukiyachuma mabichi yatabaki yalivyo, hata ukiyatia gesi ya aina gani. Chungwa litabadilika rangi ya ganda tu.

Hilo neno kukomaa ndipo mchezo ulipo. Embe iliyokomaa ukiivumbika vizuri inaiva hadi kokwani. Lakini msimu unapoanza, mwezi wa kumi na moja hivi, bei iko juu na kila mtu anataka kuwa wa kwanza sokoni. Embe zinaangushwa changa, zinatiwa kabaidi, kesho yake ganda ni la njano safi. Ipasue. Ndani ni nyeupe, ngumu kuzunguka kokwa, na chachu inayokata meno. Gesi haiwezi kuleta sukari kutoka kwenye wanga ambao tunda halijauweka bado. Mnunuzi ameuziwa rangi.

Wafanyabiashara wenyewe siwatukani. Nawafahamu, wengine ni wateja wangu, nimewaundia mikokoteni na meza za sokoni. Mtu amechukua mkopo wa kausha damu, marejesho ni kila siku, mzigo umeshuka alfajiri ukiwa kijani wote, na mteja anayekuja asubuhi anataka ndizi ya kula leo. Mwezi wa Ramadhani ndiyo kabisa, kila nyumba inatafuta kisukari na mzuzu mbivu kabla ya magharibi. Kuvumbika kwa majani msimu wa mvua kunaweza kuchukua karibu wiki, na zinaiva kwa mafungu, hizi leo zile kesho kutwa. Kabaidi inaivisha zote kwa pamoja, upesi, kwa fedha kidogo. Atakayemwambia mtu huyu aache bila kumpa njia nyingine anapoteza muda wake.

Nao vijana wanaotia mawe hayo ndio wanaoumia kwanza. Wananijia hapa gereji kila msimu kuulizia nusu kilo, na ukiwatazama vidole utaona vimebabuka. Wanavunja jiwe kwa nyundo bila kitambaa mdomoni, wanalifunga kwenye gazeti kwa mikono yenye jasho. Wengine wanaambiwa walowanishe karatasi kidogo ili kazi iende haraka.

Kuna na hatari ya moto, ambayo sijasikia mtu akiisema sokoni. Asetilini inashika moto ikiwa imechanganyika na hewa kuanzia asilimia 2.5 hivi hadi zaidi ya 80. Hakuna gesi nyingine ninayoitumia yenye upana wa namna hiyo. Kilo moja ya kabaidi ya kawaida inatoa karibu lita 300 za gesi. Chukua kibanda cha mita mbili kwa mbili, kimo mita mbili. Kina lita 8,000 za hewa. Asilimia 2.5 ya hapo ni lita 200, kwa hiyo kwenye kibanda kilichozibwa, kilo moja haijaisha kabla hewa yote haijawa ya kulipuka. Na turubai likivuja mvua ya usiku ikaingia kwenye kopo lililoachwa wazi, mawe yatafoka yote kwa mara moja. Jirani pale mama ntilie anawasha jiko la mkaa saa kumi na moja alfajiri.

Sisi tuliosomea kazi hii tumefundishwa kuiogopa gesi hiyo kwa adabu. Kwenye mtungi wake haijazwi hivi hivi. Inayeyushwa ndani ya kimiminika kiitwacho asetoni, na asetoni imenywewa na kitu chenye vinyweleo kinachojaza mtungi mzima, kwa sababu ikibanwa peke yake inaweza kujilipukia hata bila hewa. Kile kifungo cha mikono mitatu kimebana nguvu nyingi. Geji yake ya kupimia mgandamizo ina mstari mwekundu kwenye bar moja na nusu, na fundi mwenye akili hauvuki. Hatuungi mpira wake kwa bomba la shaba tupu, kwa kuwa asetilini na shaba hutengeneza kitu kinacholipuka kikiguswa tu. Kwenye mpira tunafunga vali ya kuzuia moto usirudi. Ukishajua yote haya, ukiona kopo la kabaidi limekaa juu ya gunia la embe, karibu na jiko, mwili unakusisimka.

Watu wawili watanijibu. Wa kwanza atasema kiasi cha aseniki ni kidogo na ganda linamenywa. Ganda la ndizi, sawa, linamenywa, kisha linapewa mbuzi. Embe watoto wanaimenya kwa meno, na nyanya haimenywi. Aseniki inajulikana duniani kote kuwa ni chanzo cha saratani kwa mtu anayeila kidogo kidogo kwa miaka. Kwa nini tuile kwa ajili ya rangi ya ganda? India, ambako tabia hii imeenea sana, gesi ya kabaidi imepigwa marufuku kwenye matunda kwa miaka mingi, na mwaka 2016 mamlaka yao ya usalama wa chakula ikaruhusu ethilini itumike, isizidi sehemu 100 katika milioni. Walichagua kati ya gesi hizi mbili, kama ninavyoomba tuchague sisi.

Wa pili atasema ethilini nayo inawaka moto. Ni kweli, kuanzia asilimia 2.7 ya hewa. Lakini sehemu 100 katika milioni ziko chini ya kiwango hicho kwa zaidi ya mara 200. Chombo cha gesi hiyo kinapaswa kupimwa na mtu anayejua, kama tunavyopima mitungi yetu.

Kwa hiyo nina maneno kwa mafundi wenzangu kwanza, kabla sijafika serikalini. Mlango wa kabaidi kuingia sokoni ni sisi. Muuza embe haendi kiwandani, anakuja gereji au duka la vifaa vya kuchomelea, ananunua kwa kupimiwa kwenye mfuko. Ukimuuzia kijana asiye na tochi ya kuchomelea wala mpira wa gesi, unajua anakokwenda nayo. Faida ya nusu kilo ni ya soda. Mimi siuzi, na wanaonifahamu hapa mjini watashuhudia, na nimekuwa nikiwaeleza sababu badala ya kuwafukuza. Baadhi wamenielewa. Wengine wamekwenda kwa jirani, ndiyo maana naandika gazetini.

Serikali nayo isingoje. Tunayo Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, iliyo mikononi mwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na usalama wa chakula tangu 2019 uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Muuza kabaidi aandike kwenye daftari anamuuzia nani na kwa kazi gani, kama anavyofanya muuza dawa kali. Daftari hilo litapunguza biashara hii kuliko msako wa siku moja wa kumwaga embe za wamachinga mbele ya kamera.

Na soko lipewe chumba cha kuivishia. Si jambo la mabilioni. Chumba kisichopitisha hewa, kuta zenye kuzuia joto, mashine ya kupoza ili joto likae kati ya nyuzi 15 na 18 kwa ndizi, unyevu mwingi, feni ndogo ya kuzungusha hewa, na ethilini kwa kipimo, kwa muda wa siku moja hivi. Kisha milango inafunguliwa hewa ibadilike, kwa sababu tunda linaloiva linapumua na kutoa kabonidayoksaidi, na ikijaa uivaji unakwama. Baada ya hapo ndizi zinamalizia zenyewe. Wafanyabiashara walipie kwa chane au kwa tenga, kama wanavyolipia choo na ulinzi. Mwenye mtaji mdogo, ambaye hata fedha hiyo ya kulipia hana, aweke ndizi zake mbichi kwenye boksi pamoja na chane moja iliyoanza kuiva, afunike, afungue mara moja kwa siku. Ethilini ileile, bure.

Halmashauri yoyote ya mkoa huu ikiwa tayari kuweka chumba cha kwanza, gereji yangu itaunda fremu, rafu na milango bila kudai fedha ya ufundi. Walete vyuma, mabati na mpira wa kuzibia milango. Mchoro nimeshauchora na vipimo viko tayari, na binti yangu amekubali kukaa na wauza ndizi awaonyeshe namna ya kupima gesi.

Ni mimi,
Fundi wa kuchomelea,
Morogoro.